Jeti za Kabureta na Hewa ya Mlima: Somo kwa Wenye Pikipiki za Zamani

Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, barabara za Meru na Embu zimejaa pikipiki mpya zitokazo Bara Hindi na Uchina. Hizo zina mafundi katika kila soko, na vipuri vyake huuzwa hata katika duka la sukari na chumvi. Mambo ni mengine kwa yule aliyerithi BSA ya babu yake, au aliyenunua Triumph iliyolala ghalani miaka mingi na sasa ataka kuipanda tena. Fundi wa sokoni aweza kumsaidia kwa mnyororo na breki, lakini afikapo kwenye kabureta aghalabu husimama akikuna kichwa.

Tena ni mara chache pikipiki ya namna hiyo kubaki kama ilivyotoka kiwandani. Salensa ya asili imeoza, ikawekwa bomba jingine lililo wazi zaidi. Sanduku la chujio la hewa limepotea, ikafungwa sponji mahali pake, au pasifungwe kitu. Pengine kabureta yenyewe imekwisha, na mwenyewe ametia ile ya pikipiki za Kichina zilizoigwa kwa Honda CG125, kwa kuwa hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Kila badiliko la namna hii hugeuza kiasi cha hewa kiingiacho katika injini, na huku jeti zipimazo petroli zimebaki zile zile.

Hasara yake si moshi na kelele tu. Injini inyimwayo petroli hupata joto kupita kiasi, na pistoni yake, iliyo ya alumini, yaweza kutoboka juu au kukwama ndani ya silinda kwa ghafula. Pistoni ikikwama, gurudumu la nyuma hufunga. Mtu awazie jambo hilo likimpata katika ule mteremko mrefu wa kulishukia daraja la Nithi, kati ya Chuka na Nkubu, lori likiwa nyuma yake. Na akisalimika, pistoni ya pikipiki ya miaka sitini haipatikani Embu wala Meru. Hana budi kuiagiza ng'ambo na kungoja.

Hewa na mlima

Petroli haiungui bila hewa. Kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote pasiwe na baki. Injini ivutapo kwa nguvu zake zote hutaka petroli zaidi kidogo, yaani kilo moja kwa kilo 12.5 au 13 za hewa, kwa sababu petroli ile ya ziada huongeza nguvu na kuipoza silinda. Mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko ipasavyo utaitwa hapa mzito, na ule wenye petroli chache utaitwa mwepesi.

Nyingi za kabureta za pikipiki za Kiingereza zilitengenezwa na kampuni ya Amal, iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganisha watengenezaji watatu waliokuwa wakishindana. Kazi yake ilifanyika Birmingham, mji ambao sehemu zake nyingi hazifiki mita 200 juu ya usawa wa bahari, na jeti zilichaguliwa kwa hewa ya nchi kama hiyo. Sasa mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, Meru karibu mita 1,500, na Timau karibu mita 2,300. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito. Debe moja la hewa ya Meru lina uzito uliopungua kama sehemu 14 katika 100 kuliko debe moja la hewa ya Mombasa, na debe la Timau limepungua kama sehemu 20.

Kabureta haijui habari hizo. Yenyewe huvuta petroli kwa nguvu ya hewa ipitayo kwa kasi katika koo lake, na hewa ikipungua uzito petroli hupungua pia, lakini haipungui sawasawa na hewa. Hewa ikipungua sehemu 14, petroli hupungua sehemu 7 tu. Kwa hiyo pikipiki iliyosawazishwa pwani, ikipandishwa Meru bila kuguswa, hupata mchanganyiko mzito kwa kama sehemu 7 au 8 katika 100. Huko Timau uzito huo hufika kama sehemu 12. Hivyo ndivyo zilivyo pikipiki nyingi za zamani mlimani: hutoa moshi mweusi, hunywa petroli, huchafua plagi, na husitasita zipandapo kilima.

Yafaa ikumbukwe hapa kwamba jeti haiwezi kurudisha nguvu zilizopotea kwa upungufu wa hewa. Pikipiki iliyokuwa na nguvu 20 za farasi Mombasa itakuwa na 17 hivi huko Meru, hata ikishikwa na fundi bora wa dunia. Mwenye kuambiwa kwamba jeti fulani itaipa pikipiki yake nguvu za pwani, na aifunge mfuko wake.

Badiliko la bomba wazi na chujio jepesi hufanya kinyume cha mlima: hewa nyingi huingia, na mchanganyiko huwa mwepesi. Basi twaona kwamba pikipiki iliyobadilishwa, ikiwa mlimani, ina mambo mawili yavutanayo. Mara nyingine hukutana katikati, na mwenyewe akadhani ameotea; kumbe atakapoteremka nchi ya chini, lile la mlima huondoka likabaki lile la chujio peke yake.

Sehemu ipi hufanya kazi lini

Kosa kubwa la wanaojifunza ni kudhani kwamba jeti kuu, ile iliyo chini kabisa ndani ya bakuli, ndiyo itawalayo kila kitu. Sivyo. Kila sehemu ina zamu yake, na zamu hizo hufuata kufunguka kwa kishikio cha mkono wa kulia.

Kishikio kikiwa kimefungwa, au kimefunguliwa sehemu moja ya nane tu, petroli hupita katika jeti ndogo ya kuanzia, pamoja na skrubu ya ubavuni. Kutoka moja ya nane hadi robo, mwenye amri ni mkato ulio chini ya kizibo kile kipandacho na kushuka. Katika Amal mkato huo una namba, na namba hiyo ni kimo chake kwa sehemu za kumi na sita za inchi. Mkato mkubwa huingiza hewa zaidi na kuufanya mchanganyiko kuwa mwepesi. Kutoka robo hadi robo tatu ni zamu ya sindano. Sindano hiyo imechongoka, nayo huning'inia kwa kibanio kilichoingia katika moja ya mikato yake ya juu. Ikipandishwa mkato mmoja mchanganyiko huwa mzito, ikishushwa huwa mwepesi. Jeti kuu hutawala kutoka robo tatu hadi mwisho.

Mtu aendaye kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru ataona faida ya kuyajua haya. Njia hiyo hushuka mtoni na kupanda tena, Thuci, Nithi, Mutonga na mito mingine kadha wa kadha iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Katika kupanda huko kishikio hukaa nusu au zaidi kidogo kwa muda mrefu. Basi pikipiki isitayo vilimani huenda haina ugonjwa wowote wa jeti kuu, bali sindano yake ndiyo isiyo mahali pake, na wako watu waliobadili jeti kuu mara nne pasipo kupata nafuu.

Kwanza kuondoa ugonjwa mwingine

Kabla ya kugusa jeti, hapana budi kuhakikisha kwamba kosa si la kitu kingine. Wakati wa cheche uwe sawa, nafasi za vali zipimwe, na petroli ishuke kwa wingi kutoka tangini. Boya lisiwe limetoboka, na kimo cha petroli katika bakuli kiwe kile kilichowekwa na mtengenezaji, maana kimo kikizidi kila jeti huonekana kubwa.

Liko na jambo la uchakavu, ambalo kwa pikipiki ya zamani ndilo kubwa kupita yote. Kizibo husuguana na ukuta wa kabureta miaka na miaka hata hewa ikapita pembeni, na injini haitulii tena ikiachwa ingurume polepole. Kabureta ya Amal iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, iitwayo Concentric, ina ugonjwa wake wa pekee: mafundi hukaza sana nati mbili za kuifungia kwenye injini, uso wake ukapinda, na hewa ikaingia kwa siri. Uso huo hunyooshwa kwa kusuguliwa juu ya msasa uliolazwa juu ya kioo. Na ile jeti ambamo sindano hupanda na kushuka hupanuka kwa kutikiswa na sindano. Katika Concentric ya injini ya mipigo minne tundu lake huwa .106 ya inchi, likipanuka hadi.107 jicho haliwezi kuona tofauti, lakini mchanganyiko huwa mzito hasa kishikio kikiwa karibu na robo. Jeti hiyo ni ya kutupwa na kununuliwa nyingine. Haitengenezwi.

Utaratibu wa kupima

Watengenezaji wa Amal walishauri kuanza na jeti kuu, kisha jeti ndogo, kisha mkato wa kizibo, kisha sindano, na mwisho kuirudia jeti ndogo. Utaratibu huu una maana yake. Jeti kuu hutia mkono wake kidogo hata katika zamu ya sindano. Basi mwenye kuanza na sindano atalazimika kuianza tena kazi yote.

Kishikio kitiwe alama kwa chaki au utepe: mahali pa kufunga, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Injini iwe imepata joto. Kilima kirefu chenye mpando wa taratibu chafaa kuliko tambarare, kwa sababu mtu aweza kufungua kishikio chote bila mwendo kuwa wa hatari. Barabara ya kutoka Embu kupanda Manyatta ina mipando ya namna hiyo, na vile vile ile ya kutoka Meru kwenda Timau. Walakini jaribio na lifanywe asubuhi mapema siku isiyo ya soko, tena mbali na shule.

Kishikio kikiwa kimefunguliwa chote, mpandaji akirudishe nyuma kidogo sana. Ikiwa injini yaongeza nguvu kwa kurudishwa huko, jeti kuu ni ndogo mno, na mtu huyo asiendelee kuivuta hivyo hata dakika moja. Ikiwa injini yavuta kwa uzito na kukohoa kama mtu mwenye mafua, jeti ni kubwa. Ile ifaayo huipa injini mvuto ulio laini hadi mwisho.

Ushahidi wa pili ni plagi. Itiwe plagi mpya au iliyosafishwa vizuri. Pikipiki ivutwe kishikio wazi kwa mwendo wa kutosha, kisha kwa wakati mmoja klachi ishikwe na cheche izimwe, pikipiki ijiendee hadi isimame. Plagi ikitolewa yenye masizi meusi makavu, mchanganyiko ni mzito. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au ina vitone vidogo ving'aavyo vya alumini, ni mwepesi kwa hatari, na vitone vile ni vya pistoni yenyewe. Rangi ya kahawia isiyokolea ndiyo itakiwayo. Mtu akiiacha injini ingurume polepole mpaka nyumbani kabla ya kuitoa plagi, atakuwa ameisoma jeti ndogo badala ya jeti kuu.

Vitabu vya zamani viliandikwa wakati petroli ilipotiwa risasi, na risasi ile ndiyo iliyosaidia kuipa plagi rangi iliyo wazi. Kenya iliacha petroli ya risasi mwaka 2006. Plagi za leo huonyesha rangi hafifu zaidi, basi yafaa kutazama chini kabisa ya udongo mweupe wa plagi, pale unapoingia katika chuma, wala si ncha peke yake.

Sindano hupimwa vivyo hivyo kishikio kikiwa nusu. Mkato mmoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe katika daftari. Skrubu ya ubavuni ndiyo huwachanganya wengi. Katika Amal skrubu hiyo hutawala hewa. Kuikaza ndani huufanya mchanganyiko kuwa mzito, na mahali pa kuanzia ni mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokazwa mwisho. Katika kabureta za aina nyingine hutawala petroli, na kuikaza huufanya mwepesi. Dalili ya kuitambua ni mahali ilipo: ikiwa upande wa chujio ni ya hewa, ikiwa upande wa injini ni ya petroli.

Namba za jeti zisizolingana

Hapa ndipo penye mtego kwa aliyebadili kabureta. Namba iliyoandikwa juu ya jeti ya Amal ni wingi wa petroli ipitayo, kwa sentimeta za ujazo katika dakika moja. Jeti 220 hupitisha sehemu kumi katika mia zaidi ya jeti 200, na hesabu yake ni nyepesi. Lakini namba za Keihin, ambazo hufuatwa na kabureta nyingi za Kichina, ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti 100 ina tundu la milimita moja. Na kwa kuwa eneo la tundu hukua kwa mraba wa upana wake, kutoka 100 hadi 105 si kuongeza sehemu tano, bali kumi.

Basi mtu wa Meru atakaye kupunguza petroli kwa sehemu 7, akiwa na Amal yenye jeti 220, atatafuta iliyo karibu na 205. Akiwa na ile ya Kichina yenye jeti 100, atatafuta 96 au 97. Akishuka hadi 93 kwa kufuata hesabu ya kwanza, ameipunguza injini yake karibu sehemu 14, na pistoni imo hatarini. Jeti 100 ya mtengenezaji mmoja haina undugu na jeti 100 ya mwingine.

Ni vibaya pia kupanua jeti kwa waya au sindano ya kushonea, au kuiziba kwa uzi wa shaba ili kuokoa petroli. Tundu la jeti limechongwa kwa umbo lake, na likishakwaruzwa namba yake haina maana tena. Kwa kuisafisha, pumzi ya pampu ya baiskeli yatosha.

Petroli na mafuta

Kazi hii yote ni bure ikiwa petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Desturi hiyo mbaya ilienea sana hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida yake. Mafuta ya taa huchafua plagi kwa masizi na kuifanya injini kugonga, na mtu akaipunguza jeti akidhani ni kubwa. Siku atiapo petroli safi, injini yake imebaki nyepesi. Siku ya kupima, petroli inunuliwe mahali pamoja panapoaminika.

Wenye BSA Bantam, ile ndogo ya mipigo miwili iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, wana jambo moja zaidi. Mafuta ya injini yao huchanganywa ndani ya petroli. Mtu akiongeza mafuta kwa huruma, akidhani aikinga injini, petroli halisi ipitayo katika jeti hupungua kwa kiasi hicho, na mchanganyiko huwa mwepesi. Kipimo cha mafuta kichaguliwe kwanza, kisha jeti, na kisibadilishwe baadaye.

Safari ya kuteremka

Hatari iliyo kubwa kupita zote haiko mlimani, iko katika kuteremka. Kutoka Timau hadi Isiolo ni mwendo wa saa moja hivi, na katika saa hiyo barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, hadi nchi iliyo karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki iliyosawazishwa vizuri Timau kwa Amal jeti 210 itahitaji 220 au zaidi kidogo ifikapo Isiolo. Upungufu huo wa sehemu 6 katika 100 hausikiki katika kuteremka, kwa maana kishikio kimefungwa. Husikika katika tambarare ya moto, barabara imenyooka, mpandaji amefungua kishikio chote na kufurahia mwendo. Tena injini husikika kuwa nyepesi na yenye furaha kuliko siku zote, na wengi hudanganyika. Aendaye Mombasa na jeti ya Timau ana upungufu ulio karibu mara mbili ya huo. Watu wa Embu wateremkao Kiritiri kuelekea mto Tana wako katika hali hiyo hiyo, ingawa mteremko wao si mkubwa kama huo.

Kwa hiyo mwenye pikipiki ya namna hii akae na jeti kuu mbili au tatu katika kikopo kidogo, kila moja imefungwa katika karatasi iliyoandikwa jina la mahali: Timau, Meru, Isiolo. Akiwa na moja tu, iwe ile ya nchi ya chini. Mchanganyiko mzito utamgharimu petroli na plagi. Mwepesi utamgharimu injini.

Katika Amal nyingi jeti kuu hufikiwa kwa kufungua nati iliyo chini, pasipo kuishusha kabureta, na kazi yote ni ya robo saa kwa spana mbili. Njia panda ya Isiolo ni mahali pafaapo kusimama kwa kazi hiyo. Bomba la petroli lifungwe, injini iachwe ipoe kwanza, na kitambaa kitandikwe chini ya kabureta, kwa kuwa petroli iliyo ndani ya bakuli itamwagika juu ya injini mara nati ifunguliwapo. Mwenye sigara na asimame mbali.